Hamira na Mwanga wa Jua

Bila shaka unaijua hamira. Ukiitia katika unga wa mandazi, unga huumuka. Hamira ni viumbe hai vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja kina seli moja tu.

Ndani ya seli, ya hamira na ya mwanadamu, mna uzi mwembamba uitwao DNA. Uzi huu hubeba maagizo ya uhai. Ufikirie kama uzi wa shanga. Shanga zikikaa kwa mpango wake, maagizo husomeka.

Jua hudhuru

Jua hutoa mwanga tunaouona. Pia hutoa mionzi tusiyoiona, iitwayo urujuanimno. Mionzi hiyo ikiipiga DNA, shanga mbili jirani huweza kugandamana. Hapo maagizo hayasomeki vizuri. Seli huharibika au hufa.

Mwanga hutengeneza

Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Albert Kelner, alieleza jambo la ajabu. Alivipiga vijidudu kwa mionzi hiyo. Vilivyowekwa katika mwanga wa kawaida vilipona vingi zaidi kuliko vilivyobaki gizani.

Mwaka 1960 Mmarekani mwingine, Claud Stanley Rupert, alieleza jaribio la hamira ya mkate. Maji yaliyotolewa katika hamira yalichanganywa na DNA iliyoharibiwa. Gizani DNA haikupona. Penye mwanga ilipona.

Kwa nini? Hamira ina fundi wake, yaani kimeng'enya kiitwacho fotolaesi. Fundi huyu huzishika shanga zilizogandamana hata gizani. Lakini hawezi kuzitenganisha bila mwanga, hasa wa buluu. Mwanga ndio nguvu yake.

Na sisi je?

Usidhani kwamba kuota jua kutaponya ngozi iliyoungua. Mwanadamu hana fundi huyo. Mwili wetu hutumia njia nyingine: hukata kipande kibovu cha uzi na kuweka kipya. Kazi hiyo haikamiliki kila mara. Makosa yakilimbikizana kwa miaka mingi, saratani ya ngozi huweza kuanza.

Rangi nyeusi ya ngozi ni kinga kubwa. Ndugu zetu wenye ualbino wana rangi hiyo kidogo sana, au hawana kabisa. Kwa hiyo jua huwadhuru upesi. Mzazi, mlinde mtoto mwenye ualbino tangu akiwa mchanga. Mvishe kofia pana na nguo za mikono mirefu. Acheze kivulini, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Akipata kidonda kisichopona, mpeleke hospitali bila kungoja. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika.

Hamira hutengenezwa na mwanga. Sisi kinga yetu ni kivuli na nguo.

Maswali ya kujadiliana

1. Mionzi ya urujuanimno huifanya nini DNA?
2. Fundi wa hamira anahitaji nini ili afanye kazi?
3. Je, shule ya kijiji chenu ina kivuli cha kutosha kwa watoto wenye ualbino? Mtafanya nini?