Antena ya Simu ya Upepo ya Mkononi

Mtu anunuapo simu ya upepo ya mkononi kwa ajili ya redio ya ridhaa, yaani mawasiliano yafanywayo na watu binafsi wenye leseni kwa mapenzi ya elimu bila ya kutaraji chumo, aghalabu huuliza bei, uzito na wati, wala haitazami mara ya pili ile antena fupi iliyovikwa mpira aliyoikuta sandukuni. Nami nathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika chombo chake.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa hivyo wimbi la megahezi 145, lililo kati ya masafa ya 144 hadi 146 waliyotengewa watu wa ridhaa wa Afrika na Ulaya, lina urefu wa mita mbili na kidogo. Antena iliyonyooka hufanya kazi vyema ikiwa pungufu kidogo ya robo ya urefu huo, takriban sentimita 49. Mtengenezaji, akijua kwamba hakuna atakaye kuchomwa ubavuni na fimbo ya namna hiyo, huuzungusha waya mithili ya springi akaufupisha, na nguvu nyingi hupotea humo. Katika megahezi 435, masafa mengine ya ridhaa, hasara hiyo si kubwa, kwani robo ya wimbi ni sentimita 17 tu, urefu ambao antena ya sandukuni yaukaribia.

Walakini waya mmoja hautoshi. Antena ya robo huhitaji upande wa pili wa kuegemea, na katika simu ya mkononi upande huo ni kasha la chombo na mwili wa mshikaji, vitu visivyotegemeka. Hapa ndipo ilipo dawa niipendayo kuliko zote, kwa kuwa haina gharama: chukua waya laini wa sentimita 49, ufunge kwenye chuma cha nje cha kiungio cha antena, uhakikishe haugusi sindano ya katikati, kisha uuache uning'inie. Wenyewe huuita mkia, na mara nyingi sauti iliyokuwa ikikatika husikika.

Mwenye wasaa wa kununua atazame antena nyumbufu za sentimita 40 hivi, zifaazo masafa yote mawili, kama vile Nagoya NA-771, ingawa za bandia zimejaa sokoni. Au ile ya kuvuta ifikayo mita moja, nusu ya wimbi, isiyotegemea sana mkia, lakini iliyo nzito kwa kiungio kidogo, na chombo kikianguka huvunjika antena au kiungio. Kabla ya kulipa, tazama viungio: Baofeng UV-5R ina sindano kwenye chombo chenyewe, hali Yaesu FT-60 ina tundu, na antena ya moja haiingii katika nyingine.

Hata antena bora haishindi kimo. Antena iliyo mita 1.5 juu ya uwanda ina upeo wa kilomita 5 hivi; ipandishe mita 16, upeo huwa karibu kilomita 16, na hali ukiongeza wati kutoka 5 hadi 10, msikilizaji wa mbali huenda asitambue tofauti. Ishike wima pia, kwa kuwa kuilaza mwenzako akiwa ameisimamisha yake hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutamani chombo kipya, anza na mkia, panda juu, kisha nunua antena ndefu iliyo halisi. Na leseni yako, itolewayo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, uwe nayo kabla ya kubonyeza kitufe cha kusema.