Umelipia polishi, mbona gari lina utando wa buibui?

Siku ya kwanza linang'aa. Baada ya kuoshwa mara mbili tatu, lisimamishe kwenye jua la mchana hapa Ng'ambo, Tabora: mikwaruzo ya duara kila mahali! Kumbe haikuondoka. Mafuta na nta ya polishi viliijaza tu, sabuni ikavitoa.

Halafu si ya duara. Imelala kila upande, ila jua linakuonyesha ile tu inayozunguka mng'ao wake. Sogea hatua moja, utando unakufuata. Mingi inatokana na vumbi letu: chembe za mchanga ni ngumu kuliko klia, na wewe unazisugua kwa kitambaa kikavu.

Kuiondoa kweli ni kukwangua klia yenyewe. Ile ya kiwandani ina unene wa maikromita 40 hadi 50 hivi, chini ya unywele, na haioti tena. Mimi nilidai kazi irudiwe mara mbili. Kwenye ukingo wa boneti klia imekwisha. Siku nyingine, kabla hujalipa, mwombe fundi afute sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mmulike pamoja kwa tochi ya simu.