Daktari, Andika Neno "Sugu"

Kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa walioruhusiwa kutoka wodini. Alichoandika daktari nakigeuza kuwa msimbo wa ICD-10, mfumo wa Shirika la Afya Duniani unaoupa kila ugonjwa herufi na tarakimu zake. Malaria, kisukari na mguu uliovunjika havinisumbui. Kinachonitoa jasho ni vimelea sugu.

Chukua mama aliyelazwa kwa UTI. Anachomwa sindano za seftriaksoni, homa haishuki. Maabara inaotesha mkojo wake, na baada ya siku mbili tatu karatasi inakuja: kimelea ni E. coli aina ya ESBL, na mbele ya dawa nyingi imeandikwa R, yaani hazifui dafu. Daktari anabadilisha dawa, mama anapona, anarudi nyumbani. Kwenye faili, utambuzi wa mwisho ni "UTI". Basi.

Kwa neno hilo naandika N39.0 tu. Kisa kizima kilitaka misimbo mitatu: N39.0 ya ugonjwa, B96.2 ya E. coli, na U82.2 ya usugu wa ESBL, ambao hutokana na vimeng'enya vinavyovunja penisilini na dawa za ukoo wake. Msimbo wa usugu hausimami peke yake. Hufuata ule wa ugonjwa.

"Si umeiona R mwenyewe? Andika tu," daktari mmoja kijana aliniambia.

"Hapana, dokta. Mimi si tabibu."

R hiyo yaweza kuwa ya kimelea kilichoingia kikoponi kwa sababu mkojo ulikingwa vibaya, au kinachoishi mwilini bila kuleta ugonjwa. Wa kuamua ni aliyemtibu mgonjwa. Nilimrudishia faili, akaongeza: "iliyosababishwa na E. coli ya ESBL, sugu kwa seftriaksoni". Maneno machache tu, na misimbo yote mitatu ikapata pa kukaa.

Faida yake? Mama huyo akirudi usiku na homa, daktari wa zamu hataanza tena na dawa iliyokwishashindwa. Na taifa nalo linapata hesabu. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Ni makadirio, kwa kuwa nchi nyingi, hasa za Afrika, hazina kumbukumbu za kutosha. Usugu usioandikwa hauhesabiwi, na usiohesabiwa haupangiwi bajeti.

Nawe msomaji, ukioteshwa mkojo, damu au usaha, usiondoke hospitali bila nakala ya majibu. Mwombe daktari aandike jina la kimelea na la dawa iliyoshindwa. Itunze karatasi hiyo pamoja na daftari lako la kliniki, na kila ukienda kutibiwa, itoe kabla hujaandikiwa dawa.