Vumbi la mbao: je, bloa ya mtumba inafaa karakana ndogo?



Katika maombi tunayoletewa na kamati za parokia, karakana za useremala hazikosekani. Tunaombwa msumeno wa duara, mashine ya randa na vifaa vya mkono kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi. Ni mara chache kuombwa kitu cha kuondoa vumbi. Kwa hiyo tulifurahi kupata swali kutoka Namasakata, mkoani Ruvuma: je, bloa iliyokwishatumika kiwandani inaweza kusafisha hewa katika karakana ya nyumbani? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Kwa nini tujali vumbi

Maranda huanguka chini na kufagiliwa. Hatari kubwa ni ule unga laini unaobaki hewani hata baada ya mashine kuzimwa, nao huvutwa hadi ndani ya mapafu. Vumbi la mvule na la mpingo linajulikana pia kwa kuwasha ngozi na macho, na kwa baadhi ya mafundi vumbi la mvule huleta pumu.

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua kwamba mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe walikuwa wakipata saratani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo ni wa nadra na huchukua miaka mingi kujitokeza. Lakini kijana anayeanza kazi leo akiwa na miaka 17 ndiye mwenye miaka hiyo mingi mbele yake.

Mfano tunaoufahamu

Anayetaka kuelewa kazi ya bloa aangalie mashine ya kusaga nafaka. Katika mashine nyingi, feni husukuma unga kupitia bomba hadi kwenye chombo cha bati chenye umbo la koni, ambacho mafundi huita saikloni. Humo hewa huzunguka kwa kasi, unga hutupwa pembeni na kushuka chini, na hewa hutokea juu. Karakana ya mbao inahitaji mpango huohuo: bomba la kunyonya vumbi pale linapozaliwa, saikloni au pipa la kulitenga, kisha bloa, na mwisho njia ya kutolea hewa nje. Bloa ikikaa baada ya saikloni, vipande vya mbao na misumari havigongi mapanga yake.

Mambo ya kuangalia kabla ya kupokea bloa

1. Ilifanya kazi gani? Bloa ya kinu cha mpunga au kahawa inaweza kusafishwa. Iliyobeba kemikali, dawa za wadudu au vumbi la asbesto ikataliwe.

2. Mapanga yakoje? Mapanga machache, manene na yaliyonyooka huvumilia maranda. Mapanga mengi membamba yaliyopinda, kama ya viyoyozi, huziba upesi. Lizungusheni gurudumu kwa mkono: lisitikisike wala kukwaruza, na beringi zisilie.

3. Umeme wake ni upi? Someni kibao kilichopo kwenye mota. Mota nyingi za viwandani hutaka umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, lakini gridi haiigeuzi njia moja kuwa njia tatu. Mota iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa hezi 60, ikiwekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50 hupunguza mwendo kwa karibu moja ya sita, na volti zake pia zinaweza kutofautiana na zetu. Mara nyingi ni nafuu kubadilisha mota.

4. Msibadilishe puli kwa kukisia. Mwendo wa feni ukiongezwa kwa asilimia 20, nguvu inayotakiwa huongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Mota huungua, au gurudumu hupasuka.

5. Msiijaribu kwa muda mrefu bila bomba. Watu wengi hudhani bloa isiyofungwa bomba inapumzika. Kwa bloa za aina hii ni kinyume: hewa ikipita bila kizuizi, mota hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kuifunga

Ili maranda yasilale ndani ya bomba, hewa inatakiwa kwenda kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bomba la inchi 6 hupitisha zaidi ya mita za ujazo 1,200 kwa saa, na la inchi 4 chini ya nusu yake. Kwa hiyo bomba jembamba hudhoofisha hata bloa kubwa. Bomba liwe fupi, lenye kona chache zisizo kali, na mdomo wake uwe karibu kabisa na kisu cha mashine.

Hewa itolewe nje, mbali na dirisha la jirani na jiko. Unga wa mbao ukielea hewani huweza kulipuka kwa cheche moja, hivyo pipa limwagwe kila siku, na sigara na moto wa mkaa vikae mbali. Mkanda na gurudumu vifunikwe, na nyaya zifungwe na fundi umeme.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia: mnapoandika bajeti ya mashine, andikeni humohumo gharama ya bomba, saikloni, fundi umeme na barakoa za kuzuia vumbi laini. Kitambaa puani hakitoshi. Kama fedha hazijapatikana, kupiga randa nje chini ya kivuli, upepo ukiwa mgongoni, ni bora kuliko kujifungia bandani na bloa iliyofungwa vibaya.

Kwa wafadhili wetu, ambao tunawashukuru sana: kabla ya kusafirisha bloa, tutumieni picha ya kibao cha mota. Tumekwisha kuona mashine nzuri ikikaa stoo kwa sababu umeme wake haukulingana na wetu. Picha moja ingeokoa nauli ya meli, na nauli hiyo ingetosha kununua mabomba.