Kutoka Lushoto Hadi Pangani: Safari ya Wawili Wanaofuata Maji

Wanandoa wanaotaka kutembea na gari lao wenyewe mkoani Tanga huniuliza waanzie wapi, milimani au baharini. Kazi yangu ni maji, mito hasa, na jibu langu halibadiliki: anzieni Lushoto, mmalizie Pangani. Mkianza na pwani mtaona bahari nzuri, kisha milima mizuri, kila kimoja kivyake. Mkishuka kutoka juu mtaona jinsi mlima unavyoilisha pwani, na mengi ya njiani yatajieleza yenyewe.

Barabara ya Lushoto huachana na barabara kuu pale Mombo, kwenye jua kali na vichaka vya miiba. Kilomita 33 baadaye mko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, watu wamevaa makoti na sokoni mnauziwa karoti, kabichi na mapeasi. Kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na kwa mwendo wa gari mabadiliko hayo huja haraka kuliko mwili unavyoyatarajia. Bebeni sweta hata kama mmetoka Dar es Salaam mkitokwa jasho.

Milima hii ya Usambara haikutokana na volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba migumu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, iliyonyanyuliwa pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja ukapanda huku mwingine ukididimia. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kwa kunyanyuliwa hivyo, ukingo wa Usambara umesimama kama ukuta. Nendeni Irente saa kumi na moja jioni, msimame juu ya jabali: nyika imetandazwa karibu mita 1,000 chini ya miguu yenu.

Ukuta huo ndio unaoleta mvua. Upepo wa kusi hutoka baharini umebeba unyevu, ukigonga milima hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda hupoa na kuachia maji. Amani, iliyo upande wa mashariki unaotazama bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mkomazi, iliyojificha nyuma ya milima hiyo hiyo, ni nchi kavu. Lakini mvua peke yake haitoshi kuufanya mto utiririke mwaka mzima. Kazi hiyo ni ya msitu, na hapa ningependa mtumie muda. Ingieni msitu wa Magamba asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado chini. Mtasikia matone yakianguka ingawa mvua hainyeshi: ni ukungu unaonaswa na majani na matawi, ukageuka maji na kudondoka. Chini yake kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza. Uchoteni mkononi, muukamue. Maji hayo ndiyo yanayoachiwa polepole hadi kiangazi.

Kisha simameni Soni, kwenye maporomoko, siku ambayo mvua imenyesha. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, mjue kuna mteremko uliolimwa bila makinga maji, na udongo wake unaondoka. Naumia kila ninapoyaona. Udongo huo ulichukua karne nyingi kutengenezwa, na mvua ya alasiri moja inatosha kuushusha bondeni.

Kuhusu kushuka: wengi huogopa kupanda, lakini hatari iko kwenye kushuka. Tumieni gia ileile ambayo ingewapandisha mlima huo, iacheni injini ishike gari. Anayekanyaga breki kona baada ya kona huzipasha moto hadi mafuta ya breki yachemke, na hapo pedali hukanyagika bila kushika. Mwenye zamu ya kuendesha asitazame mandhari. Akitaka kuona, apaki gari au abadilishane usukani na mwenzake. Yule asiyeendesha namwomba jambo moja: mkiwa Lushoto, funga chupa tupu ya plastiki, ikaze kabisa, uiweke miguuni. Mkifika Tanga itakuwa imebonyea. Kanieneo ya hewa ya Lushoto ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoziba masikio yenu njiani.

Korogwe na Segera mtazipita haraka. Mkonge mtakaouona umepangwa kwa mistari hadi upeo wa macho uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, nao ulistawi kwa kuwa unavumilia ukame.

Muheza ndiyo njiapanda ya kwenda Amani. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kupanda, na kama si nzuri subirini siku nyingine, lakini msiipuuze Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902. Kwenye kingo zenye kivuli huota ua dogo la zambarau linaloitwa Saintpaulia, ambalo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Jina limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga. Mimi nawaelekeza zaidi kwenye Mto Zigi, unaotoka katika misitu hii. Maji yake hukusanywa kwenye bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalounywesha mji wa Tanga. Mkifungua bomba mjini jioni hiyo, mtakuwa mnakunywa ukungu wa Amani. Mkataji mti wa Amani na mama lishe wa Ngamiani mjini Tanga wanahusiana kwa karibu kuliko wanavyodhani.

Toka Tanga fuateni barabara ya kusini. Tongoni mtaona msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Karibu na hapo, mwaka 1499, Wareno wa Vasco da Gama waliichoma meli yao São Rafael, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua mno.

Pangani ndiko kwenye mdomo wa mto unaoanzia Kilimanjaro na Meru, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale. Njiani mashamba ya umwagiliaji yanauchota, mabwawa yanauzuia, na maji yanayofika hapa ni machache kuliko zamani. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda ndani yake. Wenye minazi kandokando wanalijua jambo hili vizuri, maana chumvi imewafikia mashambani.

Kodini boti na nahodha wa hapo hapo, mpande mto maji yakiwa yanajaa. Mto una mamba, kwa hiyo msitie mikono. Teremsheni kopo kwa kamba, muonje kwa ncha ya ulimi, mteme, na mwingine aandike mahali. Endeleeni hivyo hadi chumvi iishe. Mwulizeni nahodha, alipokuwa mtoto, ilikuwa ikiishia wapi.