Mratibu wa matibabu ya meno: kazi isiyo na jina kwetu

Mkulima anayeteremka kutoka Kinole au Mgeta kuja mjini Morogoro kwa ajili ya jino, mara nyingi huwa amekwisha kulihukumu njiani: ling'olewe. Ameuza ndizi au mboga zake, ametoa nauli ya kwenda na kurudi, na hana siku nyingine ya kuliacha shamba. Akiambiwa kwamba mzizi wa jino ungeweza kutibiwa kwa kuhudhuria mara mbili au tatu, husikia jambo moja tu: nauli nyingine. Si ajabu kwamba katika vyumba vya meno nchini mwetu kung'oa ndiyo tiba inayotolewa kuliko zote.

Uingereza na Marekani ipo kazi iliyowekwa mahali hapo hasa, nayo ni ya mratibu wa matibabu ya meno. Huyu si daktari wala hashiki koleo. Daktari akishapima, mratibu huketi na mgonjwa, akamfafanulia kwa lugha nyepesi kilichoonekana, njia zilizopo, gharama ya kila moja na siku zitakazohitajika. Kisha hupanga miadi na kumfuatilia asipotokea. Kwetu hufanywa na muuguzi, au mtu wa mapokezi, au tabibu mwenyewe kwa haraka huku benchi limejaa. Na mara nyingi haifanywi kabisa.

Chukua gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kutoka ili kulipisha. Kwa kuwa mzazi hakuona pengo, hulidhani ni la utoto. Likitoboka, mtoto wa miaka 8 huletwa na maneno yale yale: ling'oeni, litaota jingine. Halioti jingine. Maelezo ya dakika tano, na kioo mkononi mwa mama, yangeweza kumwokolea mtoto jino la kutafunia maisha yake yote. Daktari analijua hilo; anachokosa ni hizo dakika tano.

Mratibu wa Morogoro angehitaji pia kuijua jamii. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito wake. Mama anaposema anakwenda kushauriana nyumbani, si lazima kwamba anakwepa gharama. Aandikiwe mpango wote kwenye karatasi aende nao. Siku nazo zipangwe kwa kutazama mvua, maana wakati wa masika njia za milimani huharibika, na miadi ya Aprili huenda isitimie.

Sisi Waislamu tuna letu. Wapo wanaovumilia jino bovu Ramadhani nzima kwa kuhofia saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kuchimba jino, kung'oa na kusafisha meno hakufunguzi, maadamu mtu anajihadhari asimeze kinachofika kooni. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, au aombe miadi ya usiku pale inapopatikana. Lakini uvimbe unaoshuka shingoni, au ulioambatana na homa na shida ya kumeza, haungoji futari: ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Dada anayetaka tabibu wa kike, au mumewe awepo chumbani, naye aulizwe mapema, kabla hajaketi kitini.

Kuna hatari moja. Katika kliniki ya kulipia, mratibu anaweza kugeuka dalali, akasifia tiba ya bei kubwa kwa kuwa naye ana fungu lake. Msomaji, usione haya kuuliza: nisipolitibu sasa, itakuwaje? Ipo njia ya gharama nafuu? Bima yangu inalipia lipi? Anayekerwa na maswali hayo hafai kazi hii.

Kliniki isiyoweza kuajiri mtu mpya inaweza kuanza na muuguzi mmoja, daftari la miadi na simu. Wa kwanza kupigiwa wawe wale waliowekewa dawa ya muda kwenye jino wakaambiwa warudi, maumivu yakapoa, wakabaki mlimani.