Penseli Kwanza, Patasi Baadaye

Mpenzi msomaji, mwanao akirudi kutoka shuleni na daftari la Hesabu lililojaa michoro ya majahazi pembeni, wewe hufanya nini? Bila shaka wengi wetu humkaripia. "Utakula michoro?" ni swali ambalo watoto wengi wamelisikia. Kabla hujalichana daftari hilo, hebu tufuatane hadi Lamu, mji ambao mafundi wake wamekula michoro kwa vizazi vingi.

Vielelezo viko mlangoni

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwanafunzi wa pale hahitaji kwenda mbali kutafuta vielelezo. Akipita vichochoroni asubuhi huiona milango ya mbao yenye nakshi kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa, yaani ule mti wa wima wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana. Ndani ya nyumba za karne ya 18, kuta za chokaa zimepambwa kwa zidaka, kama Waamu wanavyoviita vile vishubaka vya ukutani. Na kichwani mwa babu yake kuna kofia iliyodariziwa kwa sindano, tundu baada ya tundu.

Msomaji wa bara huenda akauliza: mbona sura za watu na wanyama ni nadra? Lamu ni mji wa Kiislamu, na mapambo yake yamefuata zaidi maua, majani, maandishi na maumbo ya mistari na duara. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo. Hana haja ya kumlazimisha mtoto kuchora uso wa mtu ikiwa wazazi wake hawaridhii. Mengine ya kuchora ni tele.

Siku ya bikari

Sasa tumfikirie mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka 12. Hatumpi jina kwa kuwa mfano wake yuko karibu katika kila shule. Siku ya kwanza ya somo la sanaa, mwalimu anawaambia wanafunzi wachore mlango wa nyumbani kwao kwa kukumbuka tu. Msichana anachora mstatili, komeo na maua matatu. Jioni anasimama mbele ya mlango wenyewe, akiwa na daftari mkononi, anashangaa. Maua si matatu. Yameshikana kwa shina moja linalopanda mwimo mmoja, likavuka kizingiti na kushuka mwimo wa pili. Ameupita mlango huo maisha yake yote na hakuwahi kuuona! Hilo ndilo somo la kwanza: jicho hutangulia mkono.

Somo la pili ni la bikari, ile ile aliyonunuliwa kwa ajili ya Hesabu. Nawe mwanafunzi unayesoma makala haya, chukua yako ujaribu. Chora duara. Usibadili upana wa bikari. Choma ncha popote kwenye ukingo wa duara, uchore tao linalopita katikati na kugusa ukingo pande mbili. Hamishia ncha pale tao lilipogusa ukingo, uchore tao jingine. Endelea hivyo ukizunguka. Mara ya sita utajikuta umerudi ulikoanzia, na ua lenye petali sita limechanua mbele yako.

La, halikuchanua? Basi bikari imelegea. Msichana wetu naye imemlegea, na petali ya mwisho haikukutana na ya kwanza. Anafuta, anarudia mpaka karatasi inatoboka. Akipelekwa siku moja kwenye karakana ya fundi wa nakshi, ndipo anapoelewa. Fundi hashiki patasi kwanza. Hushika penseli, akapima na kuchora juu ya ubao. Kosa la penseli hufutika. Kosa la patasi hubaki pale, kila apitaye akaliona.

Kuiga au kubuni?

Hapa pana ubishi mkubwa. Mchoraji Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu nchini Tanzania na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa onyo lake kwamba wachoraji wasiige, kwani kuiga humlaza Mungu usingizi. Lakini mafunzo ya fundi huanza kwa kuiga. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika zamani kwa waandishi walionakili Misahafu na kuitia mapambo ya rangi. Je, nani mkweli?

Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Kuiga hufundisha mkono utii. Lakini atakayeiga hadi uzeeni hatakuwa amesema neno lake. Siku ambayo msichana wetu ataondoa petali moja ya zamani na kuweka jani la mkoko, ule mti anaouona kila siku kando ya maji, na bado nakshi yote ikalingana, siku hiyo atakuwa amevuka.

Kipindi kilichopokonywa

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa ilikuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliondolewa kwenye mtihani. Nasi tunajua kwamba kipindi cha somo lisilotahiniwa ni rahisi kupewa Hesabu au Kiingereza. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha sanaa, hata ukaitengea njia yake katika sekondari ya juu.

Jambo hili lina uzito gani Lamu, penye mafundi tayari? Uko hapa: karakana ya nakshi kwa desturi imekuwa ya wanaume, na mara nyingi ufundi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Msichana wetu si mwana wa fundi, wala hakuna aliyemtarajia karakanani. Darasa la sanaa ndio mlango pekee uliofunguliwa kwake. Kipindi kile kikipewa somo jingine, yeye hana pengine pa kwenda.

Atakula nini?

Turudi kwenye swali lako, mzazi. Mwaka 1937, Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji barazani kwake mjini Kampala. Darasa hilo la barazani likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Mmoja wa waliopita huko ni Sam Ntiro, kijana wa Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956 imo katika jumba la MoMA, New York, naye mwenyewe akawa Balozi wa Tanganyika mjini London. Si kila mtoto atafika huko, lakini jicho linalopima na mkono unaosubiri hufaa popote: kwa seremala, kwa mshonaji, kwa mchora ramani za nyumba, hata kwa daktari wa upasuaji.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kabla ya kuundwa, vilichorwa. Basi leo Jumapili, mwombe mwanao akuchoree mlango wa nyumba yenu kwa kukumbuka. Nawe chora wako. Kisha tokeni nje pamoja mkautazame.